Aliulizwa, Akajibu: Maisha ya Dada Yetu Mkubwa, Mwalimu wa Tiba ya Usemi

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1959, wa kwanza kati ya watoto watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba ya kuchomelea vyuma. Baba alikuwa na kigugumizi. Wateja walimmalizia maneno, na mara nyingi walimmalizia na bei. Dada, hata meno hayajamaliza kuota, alikuwa akisimama mlangoni na kuwaambia watu wazima, "Mwacheni aseme mwenyewe." Mama akamwita Wakili, na jina likamganda.

Alihitimu ualimu mwaka 1981. Mwaka 1986 alipata nafasi ya kusomea tiba ya usemi na umezaji, kazi ambayo nyumbani hakuna aliyejua kama ipo. Mjomba alimuuliza, "Yaani unaenda kusomea kuongea? Si ulianza kuongea kabla hujatembea?"

"Naenda kusomea kunyamaza, Mjomba. Hilo ndilo linalonishinda."

Kuanzia 1990 hadi alipostaafu mwaka 2019 alihudumia wagonjwa hospitalini na kufundisha wanafunzi wa fani hiyo. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini, kimepakana na chumba cha kufulia mashuka: viti vya kimo kimoja, kioo ukutani, vijiko vilivyochemshwa. Aliwataka wanafunzi wawe na sikio la kunasa sauti iliyopotea ndani ya neno, mkono usiotetemeka ukishika taya la mtu, jicho la kuona mgonjwa amechoka kabla hajakohoa, matamshi yanayosikika, na kifua cha kubeba hasira za ndugu wa mgonjwa. Mwenye hayo yote, akimmalizia mgonjwa sentensi, alirudia mafunzo ya vitendo. Mimi, mdogo wake, naishi kwa kupatana bei, nikaenda kumwombea binti wa mteja wangu asirudie. Dada aliniacha niongee mpaka nikaishiwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya. Atarudia."

Mwaka 1988 alifunga ndoa na dereva wa gari la wagonjwa. Shemeji anasema siku ya kumposa alieleza kila kitu, kuanzia mshahara hadi ukali wa mama yake, na Dada hakumkatiza hata kidogo. Akadhani amekataliwa, akachukua kofia yake. Walijaliwa watoto wawili.

Tarehe 2 Februari mwaka huu alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilala, maneno yakaondoka, na alichomeza kikawa kinaingia mapafuni. Akili ilikuwa timamu. Baada ya nimonia ya pili madaktari walishauri alishwe kwa mrija. Mimi nilishasema ndiyo. Nilitaka aishi, basi.

Mtaalamu wa usemi aliyekuwa zamu, mmoja wa wanafunzi wake, alisema mwenye koo hajaulizwa. Aliweka mbele yake picha mbili, ya mrija na ya kijiko. Akamweleza kila njia inakompeleka, kwamba kwa kijiko nimonia itarudi na huenda isiondoke. Akauliza, akanyamaza.

Shemeji akaanza, "Mke wangu anataka..."

"Samahani, baba. Swali ni la kwake."

Tukakaa. Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo. Kidole cha kushoto cha Dada kilisogea taratibu, kikatua kwenye kijiko. Mtaalamu akabadilisha picha nafasi, akauliza upya. Kijiko.

Nikamwambia, "Wakili, tufikirie kidogo." Alinitazama, akakigonga kile kijiko kwa nguvu mpaka picha ikaanguka sakafuni. Hapo hapakuwa na bei ya kupunguza.

Alirudi nyumbani. Shemeji alimlisha mwenyewe kama alivyoelekezwa: ameketi wima, kidevu chini, chai iliyofanywa nzito, kijiko kidogo kidogo. Nimonia ilirudi. Alifariki tarehe 21 Machi asubuhi, kitandani kwake, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, wadogo zake wawili, na wanafunzi ambao leo wamejaza viti vya nyuma.

Tangu juzi watu wananivuta pembeni kuniuliza kwa nini hatukukubali mrija. Nawajibu wote hapa kwa pamoja: aliulizwa, akajibu.

Mungu amlaze pema, apumzike.