Silvanus Simiyu, Mtu wa Hibs, na Simu ya Siku ya Debi

Wapendwa, mimi ni Edah, dada yake marehemu, mtoto wa pili kwa mama yetu. Nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu kabla hatujamshusha. Katika programu mlizoshika kuna wasifu mfupi. Huu ninaosoma mimi umezidi kidogo, na una jambo ambalo halikuchapishwa. Najua kuna baridi, mnivumilie.

Silvanus Simiyu Barasa alizaliwa tarehe 14 Januari 1973 huko Kimilili, Bungoma, kifungua mimba wa Mama Rosemary Nekesa na marehemu Mzee Solomon Barasa. Alizaliwa wakati wa kiangazi, ndiyo maana akaitwa Simiyu. Ndugu yetu wa mwisho, Fidelis, alizaliwa miaka minane baadaye mvua ikinyesha, akaitwa Wafula. Mama akienda shambani, aliyembeba Fidelis mgongoni alikuwa Silvanus. Wavulana wenzake walimcheka kwamba hiyo ni kazi ya wasichana. Kweli ilikuwa kazi yangu, lakini mtoto alikataa mgongo wangu, akilia mpaka arudishwe kwa kaka yake.

Alisoma shule ya msingi ya misheni pale Kimilili, kisha Kibabii, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1991. Alisomea uuguzi Nairobi, akahitimu mwaka 1996 na kufanya kazi Eldoret. Mnamo Januari 2000 alipata kazi ya hospitali katika mji wa Edinburgh, Scotland. Huko ndiko alikopata ugonjwa ambao hakuna daktari aliyeweza kuutibu, yaani Hibs.

Kwa wasiojua, Edinburgh ina timu mbili kubwa za mpira. Hibs huvaa kijani, Hearts huvaa damu ya mzee, na ni watani wa jadi tangu karne ya kumi na tisa. Silvanus alipangishwa chumba katika mtaa wa Leith na mzee mmoja mjane, Bwana Tait, naye Bwana Tait akamwambia kwamba mtu akilala Leith ni wa Hibs, hakuna mjadala. Akampeleka uwanjani. Kaka yangu alituambia kwamba aliwaona wazee wa miaka sabini wameketi viti walivyoketi baba zao, wanakula pai za nyama kwenye mvua na kuitukana timu yao wenyewe kwa uchungu kama mtu anayemkanya mtoto wake mlevi. Alikuwa Mwafrika peke yake katika safu ile. Wiki ya pili walikuwa wanamwita kwa jina. Alipojua kwamba klabu ilianzishwa na waumini wa parokia ya Kikatoliki, wahamiaji kutoka Ireland, aliona Mungu mwenyewe ameshauri.

Mwaka 2003 Fidelis alimfuata kwenda kusomea kompyuta. Chumba cha bei nafuu alikipata Gorgie, jirani na uwanja wa Hearts. Mwenye nyumba alimpa skafu ya damu ya mzee kabla hajampa ufunguo. Basi, hivyo ndivyo watoto wa tumbo moja walivyogawanyika. Kama nafasi ingepatikana mtaa mwingine, leo ningekuwa nasoma maneno mengine.

Utani wao mliusikia wengi wenu. Hibs walikuwa hawajachukua Kombe la Scotland tangu 1902, na Fidelis hakuchoka kusema, "Brathe, hilo kombe mlishika wakati babu yetu hajatahiriwa." Mbele ya watu wa kwetu hayo ni maneno makali. Silvanus alikuwa akijibu kwamba babu alitahiriwa bila kulia, na Hibs nao hawalii.

Tarehe 7 Agosti 2004 marehemu alifunga ndoa takatifu na Anitha, binti wa Bukoba, Tanzania, aliyekutana naye katika kwaya ya Waafrika kanisani Edinburgh. Fidelis ndiye aliyekuwa msimamizi wake, akatokea na tai ya damu ya mzee. Bwana harusi akagoma kuingia kanisani. Padri alikuwa madhabahuni. Anitha, na shela lake kichwani, aliwatokea pale mlangoni akasema, "Jamani, hii ni ndoa au ni mechi? Shemeji, vua hiyo." Fidelis alisimamia harusi shingo wazi. Mungu aliwajalia Cheryl na Wayne.

Familia ilihamia huku Marekani, Gaithersburg, Septemba 2008, na Fidelis akafuata miaka miwili baadaye, akapanga mtaa wa pili kutoka kwa kaka yake. Silvanus alifanya kazi katika kitengo cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo hadi mwisho wa maisha yake. Wagonjwa watatu wako hapa leo, ingawa leo ni siku yao ya kusafishwa damu. Parokiani alifundisha kila mwaka dalili za kiharusi. Wengi wenu mlikaa kwenye ukumbi ule mkala sambusa zake huku akiwaambia: uso ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakiyumba, piga 911, usimngoje mtu.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Tarehe 19 Mei 2012 Hearts waliwafunga Hibs mabao matano kwa moja katika fainali ya kombe. Siku hiyo Fidelis alimpigia kaka yake mchana kutwa. Silvanus akipokea, hasikii salamu, anasikia tu, "Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano," kisha simu inakatwa. Alimpigia akiwa kazini, akampigia akiwa dukani. Mwisho Silvanus alizima simu, wakaja kukubaliana mbele yangu, mezani kwangu huku Herndon, kwamba siku ya Hibs na Hearts hakuna kupigiana. Ukiona jina la mwenzako, jua amekuja kukuhesabia mabao, na una haki ya kutopokea. Walishikana mikono na kucheka. Nami nilicheka.

Sheria hiyo waliishika. Na msidhani palikuwa na uadui. Tarehe 21 Mei 2016 Hibs walilichukua lile kombe, wakiwafunga Rangers tatu kwa mbili dakika za mwisho. Silvanus alimpigia ndugu yake, maana siku hiyo Hearts hawakucheza, akalia tu. Fidelis aliacha skafu yake nyumbani, akaja na kuku mzima wa kukaanga, akamkumbatia pale mlangoni. Akamwambia, "Haya. Sasa babu atahiriwe." Walikula yule kuku wote wawili wakaumaliza mfupa.

Mwaka 2019 marehemu aligunduliwa kuwa na shinikizo la damu. Alimeza dawa zake na kupunguza chumvi, kwa kulalamika. Jumapili tarehe 2 Machi mwaka huu wa 2025 ilikuwa siku ya debi, yaani Hibs na Hearts, na mechi ilionyeshwa huku asubuhi. Anitha alikuwa zamuni katika nyumba ya kutunzia wazee, ambako simu hufungiwa kabatini. Cheryl alikuwa kwa rafiki yake Annandale, na Wayne alikuwa ametangulia kanisani. Silvanus alikuwa peke yake mbele ya televisheni na jezi yake ya kijani.

Kiharusi kilimpata mechi ikiendelea. Alimpigia mkewe, simu ikaita kabatini. Kisha akampigia Fidelis, akarudia, akarudia tena. Fidelis aliona jina la kaka yake wakati Hibs wametoka kufunga, akaigeuza simu kifudifudi mezani. Mechi ilipokwisha, Hearts wakiwa wamefungwa, alikasirika, akaenda kutembea bila simu. Wayne ndiye aliyemkuta baba yake sakafuni aliporudi kutoka misa.

Mtauliza kwa nini mtu aliyefundisha parokia nzima kupiga 911 hakupiga 911. Nami nimejiuliza. Mimi pia ni muuguzi, na nitawaambia ninachoamini. Mtu akizidiwa hakumbuki somo, hukumbuka mtu wake. Sisi wa kwetu ndivyo tulivyolelewa, kwanza unamwita ndugu, halafu ndugu ndiye anaita wengine. Na nikisema kwamba kufika mapema kusingesaidia kitu, nitakuwa nawadanganya mbele ya jeneza. Pengine kungesaidia. Hilo tutakaa nalo sisi wa nyumba hii, na mwenye kukaa nalo zaidi mnamjua.

Silvanus hakufumbua macho tena. Siku mbili Fidelis hakutoka kando ya kitanda. Anitha alimsikia akimwinamia sikioni na kumwambia, "Brathe, mmeshinda. Nakuhesabia. Moja. Mbili."  Kaka yetu alifariki Jumanne tarehe 4 Machi, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Kisha yakaanza maneno. Katika sala za jioni nyumbani kwa marehemu, kuna waliokuwa wanakunywa chai yetu na kuuliza kwa sauti ya chini kama Fidelis kweli atabeba jeneza. Kwenye kundi la WhatsApp mtu aliandika kwamba mpira umeua mtu na muuaji anapokea rambirambi, akafuta, lakini sote tulikuwa tumesoma. Nimewasikia. Wengine wenu mko hapa na nguo nyeusi nzuri. Fidelis naye aliwasikia. Alimpigia mchapishaji akaomba jina lake litolewe miongoni mwa wabebaji na miongoni mwa waliofiwa. Ndiyo maana hamlioni kwenye programu.

Mama hakupata viza. Yuko Kimilili, anatutazama kwenye simu ya jirani, na ndiye aliyeruhusu mwanawe azikwe huku, waliko wajukuu wake, jambo ambalo kwetu si dogo. Nilimweleza kuhusu programu. Naye akasema, "Edah, nimepoteza mmoja. Huyu mwingine mkimzika akiwa hai, mje mnieleze mimi." Jana nilimkuta Anitha jikoni na Fidelis. Fidelis alikuwa anaomba asamehewe, na Anitha alikuwa anaosha vikombe bila kumtazama. Baadaye alifunga maji akasema, "Hasira sijamaliza, shemeji, sitakudanganya. Lakini mume wangu utambeba." Asubuhi ya leo mmeona nani alikuwa mbele, upande wa kichwa.

Hakuna anayewaomba mseme kwamba halikutokea. Silvanus alipokuwa anakufa alikuwa na majina mengi kwenye simu yake, ya madaktari na ya mapadri. Alichagua la mkewe, kisha la mtoto aliyemlea mgongoni. Sijui alitaka kumwambia nini. Najua alimtaka yeye, na sisi hatuna ruhusa ya kumnyima kile alichokiomba mwisho.

Marehemu ameacha mama yake, Rosemary Nekesa. Mke wake, Anitha. Watoto wake, Cheryl na Wayne. Mimi dada yake, Edah. Na mdogo wake, Fidelis Wafula Barasa. Nitalisoma tena ili walio nyuma wasikie. Fidelis Wafula Barasa.

Mungu aliyempa kaka yetu pumzi ampe sasa usingizi usio na maumivu. Fidelis, toka huko nyuma uje hapa mbele. Mama anatazama. Udongo wa kwanza amesema uwe wa mkono wako, na Anitha amekubali.