Nilikunywa, Kisha Nikadai

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Niwieni radhi nikisema nimekaa, nimechoka.

Mimi ni wakili hapa hapa Gitega. Miaka miwili nilisimamia kesi ya mkulima mmoja wa Giteranyi, kule Muyinga. Simtaji. Alirudi kutoka Tanzania akakuta kaka yake analima shamba lote la baba yao. Tulikubaliana anilipe kesi ikiisha. Nauli zote zikatoka mfukoni mwangu, na kodi ya ofisi nikawa nakopa.

Hukumu imekaribia, akanipigia: "Maître," ndivyo tunavyoitwa mawakili, "njoo Jumapili." Nikakuta mtungi wa urwarwa, pombe yetu ya ndizi, yeye na kaka yake wanavuta mrija mmoja. Wamepatana, shamba wamegawana. Wakanipa mrija, nami nikanywa. Jamani, furaha ilinizidi akili!

Nilipotaja malipo, walinishangaa.

"Kesi iko imeisha, Maître," akasema kaka mtu.

"Si umekunywa nasi?" mteja wangu akauliza. "Aliyekunywa pombe ya kupatana anadai nini tena? Kazi yako basi, asante."

Nawaambia ukweli, nilimchukia. Hati ya shamba la baba yao ilikuwa kwenye dosye yangu, faili la kesi, nikaifungia. Bila hiyo hawakuweza kuandikisha mgawo kwenye komine, ofisi ya serikali kule kwao. Mke wa mteja wangu alikuja mpaka Gitega, mtoto mgongoni. Nikamwambia pesa kwanza. Alilia mlangoni, mimi naendelea kuandika. Na ofisi yenyewe nikafukuzwa kwa kukosa kodi, nikawa natembea na mafaili kwenye mfuko wa unga.

Wakili mmoja mzee akanikalisha. "Kukuachisha kazi ni haki ya mteja," alisema. "Malipo ya kazi uliyokwisha kuifanya ni haki yako. Lakini hati ile si yako wewe! Rudisha, kisha mkuu wa mawakili aamue unachostahili."

Niliipeleka mwenyewe. Yule mama aliipokea, akaipangusa kwa kitenge chake, akaingia ndani bila kunisalimu.

Mkuu aliamua nilipwe kazi niliyoifanya, si zaidi. Mteja analipa kidogo kidogo kila akivuna. Nimepata tena chumba cha ofisi. Namshukuru mzee yule, nanyi mlionichangia kodi. Ndugu zangu, dai jasho lako, lakini usishike cha mtu ili ulipwe.

Yule mama bado sijamwomba msamaha. Nimeanza na ninyi kwa sababu kwenu ni rahisi. Jumamosi nakwenda Giteranyi. Niombeeni, naogopa.