Fundi Lifti na Picha ya Nyasi

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mpendwa wetu: haya ndiyo maisha yake kwa kifupi, kama mkewe na wanawe walivyoyakumbuka. Pale waliposhindwa kukubaliana, tumepaacha kama palivyo.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Subiri, alizaliwa tarehe 14 Machi 1955, mtoto wa tatu wa baba fundi bomba na mama mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alikuja duniani amekodoa macho, kimya kabisa, na ikabidi apigwe makofi mawili ndipo akakubali kulia.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia mwaka 1962, kisha chuo cha ufundi, ambako alihitimu fani ya umeme mwaka 1975. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mkia. Siku moja mwalimu alimwita baba yake na kumlalamikia kwamba kijana muda wote anatazama dirishani. Baba akamgeukia mwanawe, akamuuliza huko dirishani kuna nini. Akajibu kuna buibui, anajenga. Mzee hakujua amchape au amuulize anajenga nini. Akamuuliza, na wakachelewa kurudi nyumbani.

Januari 1976 aliajiriwa kuwa fundi wa lifti, kazi aliyoifanya kwa kampuni moja hadi alipostaafu Desemba 2015. Jina la Subiri alilipata huko. Watu wakikwama katikati ya ghorofa, wakaanza kupiga kelele na kugonga milango, walikuwa wakisikia sauti ya upole juu ya vichwa vyao ikisema, “Subirini, nipo.” Wapo waliotoka humo wakiapa kwamba sauti ile ndiyo iliyowashusha, si winchi.

Tarehe 12 Agosti 1983 alifunga ndoa na mkewe, ambaye wakati huo alikuwa karani wa mapokezi katika jengo la ofisi la ghorofa saba. Lifti ya jengo lile iliharibika mwaka mzima kuliko lifti zote za mji, na mpaka anaingia kaburini marehemu hakueleza ilikuwa na ugonjwa gani. Walijaliwa binti, ambaye ni fundi cherehani, na mtoto wa kiume, ambaye ni mwokaji mikate.

Kamera iliingia katika maisha yake Juni 1998. Alikuwa ametoka kwenye shimo la lifti, grisi mpaka kwenye nyusi, akapanda kwenye paa kupunga hewa. Kwenye mfereji wa maji ya mvua akakuta magugu yameota na kutoa maua ya manjano, na juu yake nyuki wanagombania nafasi. Alirudi nyumbani akashindwa kumweleza mkewe alichokiona. Wiki iliyofuata alinunua kamera kuukuu. Mkanda wake wa kwanza ulitoka mweusi tii mwanzo hadi mwisho, na mwenye studio akamuuliza kwa heshima kama alikuwa akipiga picha ndani ya mashimo ya lifti.

Hakuwahi kuwa mpigapicha wa kazi, na hakutaka kuwa. Lakini kila mwaka kiangazi kilipoanza, mvua zimekatika na majani yangali mabichi, hakushikika nyumbani siku za mapumziko. Alikwenda kando ya mfereji mkuu, nyuma ya karakana ya mabasi, na kwenye bwawa la mamlaka ya maji. Alirudi na kereng'ende, yangeyange, utando wa buibui wenye umande, na konokono wasio na idadi. Watu hakuwapiga picha. Alisema mtu akiona lenzi huacha kuwa yeye.

Mkewe jambo hilo lilimkera zaidi ya alivyoonyesha. Aliwahi kuwaambia wageni, akicheka nusu, “Konokono wana albamu nzima. Mimi nina picha ya kitambulisho.” Mara moja tu, Juni 2004, alifuatana naye. Jua lilimchoma, upupu ukamwasha, na mumewe akapiga magoti mbele ya nyasi muda mrefu bila kumsemesha. Njiani walirudi wamenuniana. Mke akasema hatakwenda tena, na basi likawa jambo lililokwisha. Mke hakuombwa tena, kwa hiyo hakwenda. Mumewe alikuwa ameambiwa hatakwenda, kwa hiyo hakuomba.

Tarehe 22 Oktoba 2021 marehemu alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilegea, lakini kilichoivuruga nyumba zaidi ni ulimi. Maneno alikuwa nayo tele, ila yalihama mahali pake. Maji yakawa “ngazi.” Binti yake akawa “Jumanne.” Chochote kilichomkasirisha kilikuwa “kijiko.” Mtaalamu wa matamshi aliwaomba wawe na subira, wasimsahihishe kila mara. Kilichowachanganya kabisa ni kwamba “ndiyo” na “hapana” zilibadilishana zamu, na si kila siku. Aliulizwa kama anataka chai, akasema hapana huku mkono wa kushoto umeshaenda kwenye kikombe. Kesho yake akasema hapana, akaletewa chai, akaimwaga.

Ndipo alipoanza kuzungumza kwa picha. Mwanawe alimshushia makasha yote kutoka juu ya kabati, naye akawa anachagua. Picha ya korongo ilimaanisha mdogo wake, dereva wa lori, mwenye miguu mirefu. Mdogo mtu alikasirika siku mbili kisha akakubali. Mvua juu ya jani ilikuwa kuoga. Familia ikaanza kupumua.

Lakini ikaja picha moja ambayo hakuna aliyeielewa. Ilikuwa picha ya nyasi. Hakuna ndege, hakuna mdudu, hakuna ua. Mwishoni mwa Mei 2022, kiangazi kikianza, alianza kumpa mkewe picha hiyo asubuhi, akampa tena mchana, na jioni akaiweka juu ya sahani yake ya chakula. Mdogo wake alisema kwa sauti ya chini jikoni kwamba kaka anaonyesha anapotaka kuzikwa. Binti alisema anataka godoro laini zaidi. Mwokaji alidhani anataka ikuzwe itundikwe ukutani, akaikuza, na baba yake akamwambia, “Kijiko.” Wakampakia kwenye gari wakampeleka penye nyasi, nyuma ya karakana ya mabasi. Akazitazama, akawatazama wao, akatikisa kichwa kama fundi aliyeletewa spana isiyo saizi yake.

Mkewe alikosa usingizi kwa picha ile. Aliitazama mara nyingi akitafuta panzi aliyejificha. Asubuhi moja alikuwa akiifuta vumbi la unga wa mikate ya mwanawe, kitambaa kikasimama kwenye kona ya chini. Zile nyasi pale kona zilikuwa na kivuli. Kivuli cha mwanamke aliyeshika kiuno, mkoba umening'inia kwenye kiwiko, kofia pana kichwani. Aliijua kofia: aliivaa siku ile ya upupu. Alikaa kwanza kitandani, kisha akamwendea mumewe sebuleni.

“Huyu ni mimi?”

“Hapana,” mumewe akasema, na ile nusu ya mdomo iliyokuwa nzima ikatabasamu.

Mke hakujua alichukulie vipi jibu hilo. Akajaribu njia nyingine.

“Unataka twende wote, mimi na wewe?”

“Ndiyo.”

Sasa ndipo akapotea kabisa, maana kama hapana ilikuwa ndiyo, basi ndiyo nayo ilikuwa hapana. Alisimama pale katikati ya sebule akacheka, na kicheko kikageuka kilio bila yeye kujua kiligeukia wapi. Mumewe akavuta kamera kwa mkono wa kushoto, akamwashiria ainame, akamvika mkanda wake shingoni. Hata hapo hakujua kama anaambiwa aibebe, au apige, au aisogeze tu.

Aliamua kwamba ni kupiga. Juni yote alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka kando ya mfereji na kwenye bwawa. Mume alielekeza kwa kidole, mkewe akabonyeza. Walirudi na korongo asiye na kichwa na matete yaliyolala kama yamelewa, na marehemu alizitazama picha hizo akitetemeka kwa kucheka mpaka kiti kikalia. Siku moja kereng'ende aliruka kabla hajapigwa picha. Mke akageuza kiti waondoke. Mumewe akamshika kiganja, akasema, “Subiri.” Lilikuwa neno lake halisi, mahali pake halisi. Wakasubiri, na kereng'ende akarudi kwenye tete lile lile.

Jumapili ya tarehe 3 Julai 2022, asubuhi, alikuwa amevishwa viatu tayari kwa safari ya bwawani. Alimtazama mkewe akasema, “Kesho.” Mkewe alimuuliza kama hataki kwenda leo, akasema “kesho” tena. Mkewe aliingia chumbani kuchukua kofia ya jua, na aliporudi kiharusi cha pili kilikuwa kimemchukua. Binti anasema baba alikuwa akiagiza kofia, neno likateleza. Mdogo wa marehemu anasema kaka alijua anaondoka. Mkewe hasemi lolote kati ya hayo. Mpaka leo hana hakika hata kama Juni ile ndiyo aliyokuwa akiombwa, au kama alimburuta mgonjwa juani kwa picha aliyoielewa vibaya. Anachojua ni kwamba kila asubuhi ya mwezi ule mumewe alikuwa ameamka kabla yake, anamsubiri.

Marehemu ameacha mjane, binti na mkwe wake, mtoto wa kiume, wajukuu watatu, mdogo wake na shemeji yake, wafanyakazi wenzake wa lifti waliobeba jeneza hili leo, na picha nyingi kuliko kuta za nyumba.

Picha ya marehemu iliyo mbele ya karatasi hii aliipiga mkewe, kando ya bwawa. Imepinda, na sikio lake moja limebaki nje ya picha. Mpiga chapa alitaka kuinyoosha. Mama alikataa, alisema ndivyo walivyokuwa siku ile.

Tunakuombea pumziko la amani, baba, mume na kaka yetu.