Gari Lililolala Mzunguko wa Pili

Benchi lenyewe liko kati ya kibanda cha kinyozi na duka la vioo, mahali ambapo kahawa hufika saa kumi na maneno hutangulia. Wenye benchi ni watatu. Kuna Spana, fundi wa magari aliyestaafu, anayeelewana na injini kuliko watu. Kuna Kinyozi, ambaye yuko radhi kuacha kichwa cha mteja nusu ili aje kujibu hoja. Na kuna Profesa, karani wa zamani wa shule, ambaye hajawahi kufundisha wala hajawahi kunyamaza. Jumamosi iliyopita gari lao dogo la rimoti, la mashindano, lilizimika mzunguko wa pili mbele ya wapinzani wao, wauza matairi wa ng'ambo ya barabara. Spana ndiye aliyekuwa dereva. Alilibeba kwapani kama kuku mgonjwa huku watu wakimpigia miluzi. Leo kulikuwa na mambo mawili: kuchagua gari jipya na betri zake, na kuamua kama rimoti ibaki kwa Spana. Hilo la pili lilimkera. Miaka thelathini na tano ya kuendesha magari ya watu, halafu leo apigiwe kura na kinyozi.

— Tuanze na gari, — alisema Profesa akikunjua karatasi ya picha kutoka dukani. — Kuna hili linalosukumwa na magurudumu mawili, na hili la manne.

— La manne, — akasema Kinyozi. — Mwenda pole hajikwai.

— Kwani tunakwenda mbioni au mazishini? — Spana aliuliza. — La mawili ni jepesi, kona linakata vizuri. Ila linataka dereva anayejua.

— Ndiyo maana nikasema la manne.

Spana aliweka kikombe chini. Maneno yale yalimchoma, na hakujali nani anaona.

— Sema wazi, Kinyozi. Mimi sijui kuendesha?

— Sijasema hivyo, mzee mwenzangu. Nimesema gari lilisimama, na rimoti ilikuwa na mtu.

— Gari lilikosa nguvu. Nimebana mpaka kidole kikafa ganzi. Likatambaa, likatambaa, likalala. Betri hiyo.

— Betri zilikuwa mpya, — akasema Profesa. — Na upya ndio ugonjwa wenyewe. Nimelichunguza hili. Zile betri zimesafiri melini miezi miwili, zimelala fofofo. Umwamshe mtu usingizini umwambie kimbia, atakimbia? Tuchukue hizi za nikeli, nzito, sita zimefungwa pamoja. Haba na haba hujaza kibaba.

— Mzigo wote huo gari libebe? Chukua za lithiamu. Nyepesi, zina nguvu ya ghafla.

— Za lithiamu zikivimba hulipuka, Spana.

— Na wewe ukivimba hulipuka, mbona tunakaa nawe.

Kinyozi alicheka peke yake, kisha akainama mbele.

— Mnahangaika bure na betri. Wauza matairi wana ile mashine ya kujaza upepo. Mliisikia ilivyonguruma mzunguko wa pili? Ile inanyonya umeme mpaka uliomo hewani. Gari lao halikuguswa kwa sababu wanalala nayo chumba kimoja.

— Na mnara wa simu uko upande wao, — Profesa alidakia. — Mawimbi ya rimoti yetu yakifika pale yanageuzwa njia. Kwa hiyo la kwao lilikuwa linaendeshwa na madereva wawili, wao na Spana. Wahenga walishasema, kibaya chajitembeza.

Siku nyingine Spana angewacheka wote wawili. Leo alizipokea hoja hizo kwa mikono miwili, maana ndizo pekee zilizomwondoa yeye hatiani. Akasimama.

— Huo ni wizi. Wananiibia mawimbi mchana kweupe, halafu anayenyang'anywa rimoti ni mimi? Nakwenda kwao sasa hivi. Wanieleze mbele ya watu, kama walivyonichekea mbele ya watu.

Muda huo wote fundi simu, dada aliyehamia kibanda cha jirani wiki ile, alikuwa amesimama akisubiri kahawa yake ipoe.

— Shikamooni wazee, — alisema. — Samahani, hizo betri mlizichaji muda gani kabla ya mbio?

Pale benchini mali ya wote hailali nyumba moja, asije mmoja akaichezea kwa siri. Kila mtu hukaa na kipande chake mpaka siku ya kazi.

— Betri zilikuwa kwangu, — Profesa alisema taratibu. — Nilizifungia kabatini. Naapa hakuna aliyezigusa.

— Mimi nilikaa na gari, — akasema Kinyozi. — Chaja si ilikuwa kwako, pamoja na betri?

— Kwangu haijafika. Nilijua umezichaji wewe, usiku wa kuamkia mbio.

— Betri zipi, na wewe umezifungia?

— Basi gari lilikimbia kwa ule moto wa dukani, chaji kidogo betri zilizokuja nayo, — alisema yule dada kwa adabu. — Na chaja anayo nani?

Kinyozi alimtazama Profesa, Profesa akamtazama Kinyozi. Spana alikuwa bado wima. Akilini aliiona chaja juu ya kabati la nguo chumbani kwake, ndani ya boksi lake, imeviringishwa kwa kitambaa ambacho yeye mwenyewe alikichagua ili vumbi lisiingie. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Akaitoa rimoti mfukoni, akaiweka juu ya benchi katikati ya vikombe.

— Kura haina haja, — alisema. — Mpeni mwingine.

— Usisuse, bwana, — Kinyozi alisema, safari hii kwa upole wa kweli, akaisukuma rimoti irudi kwake. — Tulikuonea. Rimoti ni yako. Aliyekaa na chaja ndiye tutakayemtafuta, na akipatikana, benchi hili halikalii tena.

Spana akaketi, polepole, pembeni kabisa.