Kanzu Niliyoifumua

Sifa zote zimrudie Bwana, ndugu zangu wa Mapinga! Mnanifahamu. Mimi ndiye yule binti wa Mama Upendo fundi cherehani, anayeuliza maswali mpaka mafundisho ya Jumatano yanachelewa kwisha. Leo sikuja kuuliza. Nimekuja kushukuru.

Nilipomaliza chuo sikupata kazi. Nikazama kwenye gemu moja la kompyuta, la falme, mazimwi na wachawi. Vita vyake sikuvijali. Nilichopenda ni ufundi: unashona joho, unalitia nguvu za ajabu, unashona jingine. Kila joho linakupandisha kidogo, na namba unaiona pale pale kwenye kioo. Kwa mtu aliyeomba kazi miaka miwili bila kujibiwa, ndugu zangu, namba inayopanda ni chakula! Nilishona majoho mia nne. Mama akiniita, "Njoo unitungie uzi, macho yamechoka," namjibu, "Ngoja, nimebakiza levo moja." Kila siku nilikuwa nimebakiza levo moja.

Kaka mmoja wa hapa alitaka kuikemea ile kompyuta. Nikamuuliza pepo anakaa kwenye betri au kwenye kioo. Nisamehe, kaka. Ila mpaka leo sidhani palikuwa na pepo. Nilikuwepo mimi.

Sasa sikilizeni. Katika gemu lile, ukitaka kujifunza nguvu iliyomo kwenye vazi, unaliharibu. Unaliweka mezani, linatoweka, na ujuzi wake unakuwa wako papo hapo. Nilifanya hivyo mara nyingi hata ikawa ndiyo akili yangu.

Bi Zaituni wa Mlingotini alimletea mama kanzu ya marehemu mumewe. Shingoni ilikuwa na darizi ambayo Bi Zaituni aliitia mwenyewe kwa mkono, kwa uzi wa hariri, alipokuwa mchumba. Mwanawe Shabani alikuwa anaoa, naye angevaa kanzu ya baba yake siku ya nikaha. Kazi ya mama ilikuwa kupanua mabega tu. Kabla hajaianza akaitwa msibani Fukayosi, akaniachia nyumba na neno moja: nisiiguse.

Nikaitazama ile darizi. Nikajiambia, nikijua inavyokwenda, mama atapata wateja mpaka awakimbie. Nikachukua wembe. Ndugu zangu, nilifumua shingo nzima! Nilipomaliza nilikuwa na nyuzi kiganjani, na kichwani hapakuwa na kitu. Nilikaa pale nikiusubiri ujuzi uingie, mimi mwenye shahada!

Hapo niliomba, kwa mara ya kwanza bila kubishana. Sikusikia sauti. Uzi haukurudi. Lakini nilipata nguvu ya kusimama, na nilijua: nguvu ile haikuwa yangu. Nikapanda bodaboda mpaka Mlingotini.

Bi Zaituni aliitandaza kanzu mapajani, akapitisha kidole shingoni.

"Umemfumua mume wangu, wewe!"

Akalia. Nikalia. Nikangoja anifukuze. Baadaye akavaa miwani, akaielekeza kanzu kwenye mwanga wa mlango.

"Matundu ya sindano bado yapo," akasema. "Kaa chini. Simu weka kule."

"Harusi lini, bibi?"

"Wiki tatu. Usinitie kiwewe, tunga uzi."

Nilikwenda kila siku. Mama aliporudi nikamweleza yote. Akaja Mlingotini akapanua mabega, shingo akaniachia mimi. Mlingotini nashona kutwa nafasi ya kidole kimoja, Bi Zaituni anaitazama, anaifumua. "Hii darizi au wavu wa dagaa?" Vidole vyote vilichomwa na sindano. Hapakuwa na namba iliyopanda. Lakini siku moja nikaona mkono unaijua njia kabla ya jicho, nikakumbuka kwamba sijafungua kompyuta siku kumi, na siitamani! Machozi yakanitoka.

"Unalia nini tena?"

"Namshukuru Mungu, bibi."

"Basi mshukuru huku unashona. Nikaha haingoji."

Tulimaliza zikiwa zimebaki siku mbili. Upande wa kushoto ulikuwa umepinda kidogo. Nikashika wembe nirudie. "Weka chini!" akasema. "Mwache mwanangu aoe."

Shabani alipotoka na ile kanzu kwenda msikitini, mama yake alimwekea kiganja shingoni, akapiga kigelegele ambacho sijapata kukisikia. Mama yangu akaitazama darizi kwa jicho la kazi. Kisha akanishika mkono, akaugeuza, akaviona vidole.

"Fundi," akaniita.

Ndugu zangu, maswali yangu hayajaisha. Mwinjilisti ajiandae Jumatano. Ila hili silihoji: nilikuwa nimefungwa, na Mungu alinifungua kwa mikono ya mama wa Kiislamu aliyekuwa na kila sababu ya kunifukuza. Kama nawe umemharibia mtu kitu, usikifiche. Omba, kisha kipeleke kwa mwenyewe. Mtumaini Mungu akutangulie mlangoni. Mimi nilimkuta ameshafika.