Kumchungulia Mtoto Tumboni

Kijiwe chetu hapa Kyela mjini ni ubao wa mtumbwi uliopasuka, umelazwa juu ya mawe mbele ya ghala la kokoa. Zamani ghala lilikuwa la ushirika. Siku hizi wamejaa wanunuzi binafsi wanaotukanana tangu alfajiri, nami nawauzia kahawa wote bila ubaguzi. Wenyeji wa ubao ni watatu. Mzee Andongwisye alikuwa karani wa ushirika, tunamwita Kamati kwa sababu kila jambo anataka lijadiliwe. Ambrose tunamwita Mtumba, anavusha marobota ya nguo kutoka Malawi, na moja halikosi miguuni pake. Wa tatu ni Lutengano. Baba yake alishafariki, kwa hiyo Kamati, baba yake mdogo, ndiye baba. Asubuhi ile Lutengano hakuigusa kahawa yake.

— Ni hii mimba ya mke wangu Ikupa, alisema. Nesi anataka twende Mbeya leo. Kuna daktari mgeni ana mashine ya kupiga picha tumbo, anaangalia moyo wa mtoto.

— Si juzi tu mimba imeanza? Ambrose aliruka. Huo moyo si kama punje ya mpunga!

— Ndiyo hivyo. Ila anasema kasoro inaweza kuonekana. Ni kwa sababu ya yule wa kwanza.

Yule wa kwanza alikuwa akinyonya midomo inakuwa ya bluu. Hakumaliza mwezi, maskini.

— Mimi biashara naijua, Ambrose alianza tena. Hizo mashine ni mitumba. Zimewachosha Wazungu, zikaletwa huku. Imezoea mioyo ya Kizungu hiyo, ikikutana na wa Mnyakyusa itasema mbovu!

— Acha utani wewe, nilimwambia.

— Utani gani? Nilinunua redio Karonga, mpaka leo inashika Malawi tu!

Kamati akakohoa, ishara kwamba kikao kimefunguliwa.

— Picha bila mwanga haipo. Mtoto yuko gizani, ametulia zake, mara mnammulika. Moyo ukishtuka, kasoro inaingia hapo hapo.

— Nesi anasema si mwanga, baba. Inatumia sauti.

— Sauti! Basi ndiyo balaa zaidi. Wanampigia kelele mtoto aliyelala.

— Na mimi nawaambia hili ndilo soko huria lenyewe, Ambrose alidakia. Wanataka wajue mapema nani ana moyo mzima, wampangie bei.

Kuna siku natamani kumnyima huyu mtu kahawa, Mungu anisamehe. Nikamgeukia Lutengano.

— Wakiiona hiyo kasoro, watamtengeneza humo humo tumboni?

— Hapana. Lakini tutajua. Atajifungulia hospitali kubwa, madaktari wakimsubiri. Si kama yule, tulikaa nyumbani tunamtazama tu.

Kamati akaweka kikombe chini. Safari hii hakuwa na sauti ya kikao.

— Sikiliza, mwanangu. Wakikuambia kuna tundu moyoni, mtakaa miezi yote iliyobaki mnamlilia mtoto aliye hai. Nilishakuambia, nimekataa. Mimba haichunguliwi.

Hata Ambrose hakucheka. Lutengano aliinama akawa anakwangua ubao kwa ukucha, na mimi niliona uchungu kwa ajili yake, kwa sababu mzee alikuwa akisema kwa mapenzi.

Ndipo tukaona khanga nyuma ya magunia ya kokoa. Kwetu Wanyakyusa mkwe wa kike haonani uso kwa uso na baba mkwe, wala hawasemeshani. Ikupa alikuwa amesimama kule, ametugeuzia mgongo, kikapu mkononi. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi.

— Baba Ipyana, aliita.

Nilishtuka. Tangu tumzike yule mtoto, hakuna aliyethubutu kumwita Lutengano hivyo.

— Naam, alijibu kwa sauti ndogo.

— Basi linajaa. Nimesikia wanavyokushauri. Hebu niulizie na mimi. Ipyana hatukumchungulia. Yuko wapi?

Lutengano hakurudia swali. Wote tulikuwa tumelisikia. Kamati, hata angekuwa na jibu, asingeweza kumpa mkwe wake. Nilimwongezea kahawa, hakuitazama.

— Mbeya! Mbeya! kondakta alipiga kelele stendi.

Lutengano alisimama, lakini hakuondoka. Alimtazama baba yake mdogo, anasubiri.

— Ambrose, mzee alisema. Kwenye hilo robota lako kuna sweta la kike?

— Lipo, mzee.

— Mpe huyu. Amwambie mwenzake alivae. Mbeya kuna baridi.