Wimbo wa Moto Usionyamaza

Mgeni rasmi na Mratibu wetu wa Elimu, Ndugu Abdalah Mketo, Mwalimu Mkuu, wazazi wenzetu na watoto wetu: assalaam aleikum.

KUKUKARIBISHA

Sisi wazazi, walimu na wanafunzi wa Shule ya Msingi Nyamkungwi, jirani na Mohoro, tunakukaribisha kwa mara ya pili. Tunajua foleni ya kivuko pale Ndundu. Tunajua pia kwamba mwaka jana uliondoka kwetu suruali yako ikiwa imetoboka magotini. Umerudi hata hivyo, na hilo limetupa moyo wa kusema. Kiti chako tumekiweka karibu na mlango kwa heshima.

HISTORIA YA KOMPYUTA

Mwaka 2000 marafiki wa ng'ambo walituletea kompyuta moja, wakiamini shule yetu ina piano. Hatuna, wala hatujawahi kuiona. Ndani ya kompyuta mlikuwa na programu ya kuandikia muziki: unapanga noti kwenye mistari, nayo inazipiga kwa sauti ya piano au ya chombo kingine utakacho. Umeme tunaazima kwa Mzee Nassibu, mwenye jenereta ya banda la video.

Aliyejifunza programu hiyo ni Mwalimu Hafidha wa darasa la pili. Hakufundishwa na mtu. Alikaa na kitabu cha maelekezo na kamusi miezi minne, ukurasa kwa ukurasa. Mwaka ule nyumba tatu za makuti ziliungua kijijini, naye akakosa raha. Akatunga wimbo wa kuwafundisha watoto kujiokoa, wenye masharti matatu. Wimbo ukianza, kila aliyemo ndani atambae, maana moshi hukaa juu. Asisimame mpaka wimbo unyamaze. Na akishatoka, asirudi ndani kufuata kitu chochote.

Kwa kuwa sauti ya piano ya kompyuta ilififia upesi, Mwalimu alisoma akakuta kwamba piano ina kikanyagio: ukikikanyaga, sauti haikatwi. Akaweka alama ya kukanyaga mwanzoni mwa wimbo. Alama ya kuachia hakuiweka. Mgeni rasmi, tunaomba hapa umfikirie taratibu. Mama yake, Bi Rukaiya, ni fundi wa nguo, na kikanyagio alichokijua Mwalimu tangu utotoni ni cha cherehani. Fundi akimaliza kazi, mguu hutoka wenyewe. Hakuna anayeuandikia alama.

Aliujaribu wimbo, ukafifia wenyewe, akaridhika. Lakini watoto wa nyuma hawakuusikia vizuri, kwa hiyo asubuhi ya ziara yako akabadili sauti ya piano kuwa ya tarumbeta. Tarumbeta haififii, na kompyuta haina mguu wa kuchoka.

YALIYOTOKEA MWAKA JANA

Hatupendi kurefusha. Wimbo ulikuwa wa dakika mbili. Ulipoisha, noti ya mwisho ikabaki. Wanafunzi mia mbili na kumi na wawili walikuwa wameshatoka, wakaendelea kutambaa, na walimu nyuma yao, na mgeni mmoja ambaye hatumtaji kwa sababu tunamtazama. Kuizima kompyuta kulihitaji mtu arudi ndani, na sharti la tatu linakataza. Mwalimu Mkuu alipotaka kurudi, darasa la kwanza walimshika miguu.

Tulipita magoli ya mpira. Mgeni akamuuliza Mwalimu Hafidha, kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hii inaisha lini?"

"Ikinyamaza, mgeni rasmi," akajibu, naye anatambaa.

Mgeni akajaribu kuinuka. Mtoto Siti, wa darasa la pili, akamvuta koti. "Baba mgeni, shuka chini. Ukisimama umekufa."

Mgeni akashuka. Tulimheshimu sana siku ile, na tunamheshimu hadi leo. Jenereta iliishiwa mafuta tukiwa tayari kwenye majaruba ya mpunga.

MAFANIKIO

Mwezi Februari, mchana, Bi Sabra alikwenda kuchota maji akaacha watoto wake watatu ndani. Kaa la jikoni likashika makuti. Mkubwa wao alikuwa huyu huyu Siti. Hakuwa na kompyuta, kwa hiyo aliiga mlio wa tarumbeta kwa mdomo wake, akawatanguliza wadogo zake wawili, wakatambaa. Walipofika barazani hawakusimama, maana tarumbeta ilikuwa bado inalia. Walipokwisha kupita, paa likaanguka palepale barazani.

Bi Sabra aliwakuta mbali, kwenye mpunga, wanatambaa. Akawaambia wasimame. Siti alitikisa kichwa, akanyoosha kidole kwenye mdomo wake, ambao ulikuwa bado unalia. Bi Sabra akauziba kwa kiganja. Hapo ndipo waliposimama wote watatu.

TATIZO LETU

Ni moja. Tumepokea barua ya ofisi yako kwamba somo hili la kujiokoa lifutwe na kompyuta ichukuliwe leo. Tangu barua ifike, Mwalimu Hafidha ameifunika kompyuta kwa khanga na haigusi. Hakulalamika. Ametuambia tu kwamba kosa ni lake.

MAOMBI

Tunaomba kompyuta ibaki na somo liendelee. Alama ya kuachia alishaiweka kabla ya barua kufika. Alitaka wimbo unyamaze mtoto akifika mlangoni, sisi wazazi tukamkatalia. Akapima kwa saa mwendo wa mtoto mdogo kuliko wote mpaka kwenye magoli, akaiweka hapo: dakika saba.

Kuhusu suruali, Bi Rukaiya amekushonea nyingine, yenye kitambaa maradufu magotini. Tunaomba uipokee, na kama hutajali, uivae sasa. Mlango wa ofisi ya Mwalimu Mkuu uko wazi, na Mzee Nassibu ameshawasha jenereta.

Mwenyezi Mungu akujalie umri, afya, na magoti ya kukufikisha salama.

Ni sisi wako,
Wazazi, Walimu na Wanafunzi,
Shule ya Msingi Nyamkungwi, 2002